Bunduki Yako Inalala Wapi?

Simu iliingia saa nne asubuhi, niko dukani Langoni nampimia mteja misumari. Namba ngeni.

"Mzee, tunapiga kutoka kituoni Malindi. Uko wapi?"

Nikasema niko Lamu.

"Mbona basi tumefika kwako, na mama aliyefungua mlango anasema hakujui?"

Yule mama alikuwa mpangaji mpya. Nilikuwa nimehama ile nyumba miezi saba nyuma, na bastola yangu nimehama nayo, na katika faili yangu yote hapakuwa na neno Lamu hata mara moja. Walikuja kunitazama kwa ajili ya kuhuisha leseni, kama kila mwaka. Mteja alinisubiri na misumari yake mpaka akachoka, akaenda zake.

Sikuwa nimeficha kitu. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba anwani ni sanduku la posta. Fomu zangu zote zina S.L.P. ya Malindi, 80200, sanduku la familia tangu enzi za marehemu baba, na mpaka leo tunalilipia. Nikajiambia: barua zinafika, simu ni ileile, kitambulisho ni kilekile, nimebadilisha nini? Nilikuwa nimebadilisha mahali silaha inapolala. Polisi hawana haja na barua zako. Wanataka kujua wakigonga mlango fulani watakukuta wewe, watakuta sefu, na ndani ya sefu watakuta bunduki yenye namba ileile iliyo kwenye cheti.

Kwetu Kenya mambo haya yako chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na leseni hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Wengi wetu tukishapata cheti tunakitia kwenye bahasha na kukisahau. Kitoe ukisome. Kimetaja mtu mmoja, silaha moja kwa namba yake, idadi ya risasi unazoruhusiwa, na masharti. Kuvunja sharti ni kosa hata kama cheti hakijafikia mwisho wake, jambo ambalo mimi, na umri wangu huu, nilielezwa na afisa kijana anayelingana na kitindamimba wangu. Na siko peke yangu. Mwaka wa 2019, serikali ilipotuita wenye leseni tuhakikiwe upya, nilikaa benchi moja na mzee ambaye makao yake kwenye karatasi yalikuwa mtaa alioondoka kabla kaunti hazijaundwa. Nilimcheka kimoyomoyo. Haya.

Yaliyonipata hayakuwa jela, alhamdulillahi, lakini yalinichosha. Niliambiwa nipeleke bastola na risasi kituoni huku Lamu, zikahesabiwa mbele yangu, zikaandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, nikapewa karatasi. Zilikaa huko wiki tano. Nilirudi Malindi mara mbili, nikala kiapo kwa wakili kueleza nilihama lini na kwa nini, nikatafuta barua ya chifu wa nilikotoka na ya chifu wa nilikohamia. Kuna ofisi moja, sitaitaja, iliyoniambia "njoo wiki ijayo" mara tatu, na kila wiki ijayo nilikuta mtu mwingine mezani asiyejua habari yangu. Hapo ndipo nilipojifunza kutokwenda mahali bila nakala mbili: moja waichukue, ya pili waigonge muhuri wa kupokea na tarehe, nirudi nayo nyumbani. Neno la mdomo huondoka na aliyelisema akipata uhamisho.

Kama unapanga kuhama, andika barua kabla hujafunga hata sanduku moja. Ukurasa mmoja unatosha: jina, namba ya kitambulisho, namba ya cheti, aina ya silaha na namba yake, unapotoka, unapokwenda, tarehe ya kuhama. Ipeleke kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, wa unakotoka, na ukifika, jitambulishe kwa OCS wa unakohamia. Usidhani vituo viwili vitaambiana habari zako, hasa ukivuka kaunti kama mimi niliyetoka Kilifi kuja Lamu. Muulize pia yule wa kwanza ni nani atakayeifikisha Bodi, na ufuatilie mwenyewe mpaka uone makao mapya yameingia kwenye rekodi. Na kama leseni inakaribia mwisho, miezi miwili au mitatu hivi, mimi ningehuisha kwanza ndipo nihame. Mambo mawili yakiwa mezani kwa pamoja, kila moja hulisubiri lenzake.

Mahali pa kuishi paeleze kama unavyomwelekeza mgeni. Mji wa Lamu hauna namba za nyumba za maana. Mimi niliandika mtaa, msikiti ulio karibu, jina la mwenye nyumba na rangi ya mlango. Afisa alicheka, lakini siku ya kuja kukagua alifika bila kupiga simu.

Sasa sefu. Hapa ndipo watu wa bara hawatuelewi. Nyumba zetu za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta ni mnene, ukiutazama utadhani ngome, lakini toboa uweke bolti uone: unga mtupu. Fundi wangu alikaza bolti nne, nikaivuta sefu kwa mkono mmoja ikaja na kipande cha ukuta. Ikabidi tuchimbe sakafuni, tumwage zege, tufungie hapo, na kwanza nimwombe ruhusa mwenye nyumba. Mji Mkongwe wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, si mahali pa kubomoa-bomoa upendavyo. Ukipanga nyumba ya kale, uliza habari ya sakafu kabla ya kulipa kodi.

Na namna ya kuileta hiyo sefu! Gari halifiki mlangoni. Ilishuka gatini, hamali wanne wakaibeba kwa miti, wakipiga kelele "pisha, pisha!" mpaka punda wakapisha. Kila baraza tulipopita mtu aliuliza ndani mna nini. Kufika alasiri mtaa mzima ulijua nina sefu, na nusu yake waliamini nimeleta dhahabu. Ningekuwa na akili ningeitia ndani ya sanduku la mbao, niseme ni mashine ya dukani, niilete magharibi watu wakiwa msikitini.

Bunduki yenyewe usiipakie kwenye lori na makochi. Usimpe shemeji akutangulie nayo, wala dereva, wala mkeo kama hana cheti chake. Ikiwa mkononi mwa asiye na leseni, yeye yumo taabuni na wewe umo. Kama nyumba mpya haijawa tayari, iache kituoni kwa karatasi. Mimi nilisafiri nayo mwenyewe, na barabara ya Malindi kuja Mokowe, tunapopandia boti ya Lamu, si ya kujificha: Garsen, Gamba, Witu, vizuizi vimepangana, na tangu yale mashambulizi ya Mpeketoni mwaka wa 2014 askari wa njia hii hawana mzaha. Usingoje waipapase kiunoni. Nilishuka na cheti na kitambulisho mkononi, mikono inaonekana, nikasema taratibu: "Afande, nina silaha, nina leseni yake, niko nayo upande wa kulia." Kizuizi kimoja walinisimamisha kando robo saa, wakasoma namba, wakapiga simu, wakaniachia. Abiria wenzangu walininunia mpaka Mokowe.

Mke wangu ana neno lake: bastola hii imemsumbua kuliko mke mwenza. Chumvi ya huku imempa hoja zaidi. Malindi nilikuwa naipangusa mara moja kwa mwezi. Lamu, nyumba ikiwa karibu na maji, niliona kutu kwenye skrubu za kitako kabla ya wiki tatu kwisha. Sasa kila Ijumaa baada ya sala naitoa risasi, naifuta kwa kitambaa chenye mafuta, na ndani ya sefu nimetia vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vya kunyonya unyevu. Kutu ikila namba iliyochorwa kwenye chuma, utaanza safari nyingine ya maofisi kueleza kwamba bunduki ni ileile.

Wiki iliyopita rafiki yangu wa Malindi kanipigia, anahamia Watamu kwa mwanawe. Ni mwendo mfupi, kaunti ileile. Ananiuliza kama kwa umbali huo kuna haja. Nikamuuliza nyumba mpya ina kituo gani cha polisi. Kimya. Kisha akasema, "Ngoja nitafute kalamu."