Kadi mpya kwenye i5 ya zamani? Subiri kwanza

Kaka, umesema kompyuta yako ina prosesa (ubongo wa mashine) ya Core i5-4460, RAM GB 8 za DDR3 (aina ya zamani ya RAM), kadi ya michoro ya GTX 960 na diski ngumu (hard disk) ya kawaida, na unataka kuinunulia kadi kubwa zaidi ya michoro, ile inayochora picha za gemu. Naomba usitoe hela bado.

Fungua gemu inayokusumbua, cheza kidogo, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, uone kati ya prosesa na kadi nani amezidiwa. Kadi ikiwa karibu asilimia 100 huku prosesa ikipumua, kadi ndiyo inayokubana. Lakini prosesa ikigonga 100 na kadi iko 50 au 60, kadi mpya itakaa bure na picha zitaendelea kukwamakwama vilevile. Kwa prosesa hiyo ya kori nne (viini vinne vya kazi), naamini gemu nyingi za sasa zitakuonyesha hali hii ya pili.

Na soketi yake ya LGA1150 (tundu la prosesa kwenye bodi) haipokei prosesa mpya, wala DDR3 haiingii kwenye bodi za kisasa. Tena Windows 11 rasmi haiikubali prosesa hiyo.

Mimi ningeanza na SSD ya SATA (diski ya kasi): bei nafuu, mashine itawaka haraka, na utahama nayo kwenye mashine mpya. Kisha dunduliza ununue bodi yenye soketi ya AM4, prosesa ya Ryzen 5 5600 na RAM ya DDR4 GB 16. Ryzen hiyo haina kadi ya michoro ndani yake, kwa hiyo GTX 960 usiiuze. Itakuvusha mpaka upate kadi nyingine. Pawa saplai (kifaa kinachoipa mashine umeme) ya zamani usiihamishe kabisa, hasa kama ni ile isiyo na jina iliyokuja na kasha.