Squid ya shule: anza na mlango 3128

Ndugu, nimekuelewa: mna Squid 5.7 (programu ya proksi, inayopitisha maombi ya intaneti ya watumiaji) kwenye seva yenye mfumo wa Debian 12, walimu wanaitumia hadi nyumbani kwa nenosiri, na umesikia ina mianya. Una haki ya kuhofu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi si namba ya toleo, ni huo mlango 3128 (namba ambayo Squid hupokelea maombi) mliouacha wazi kwa intaneti nzima. Ufunge leo kwa fayawoli, zibaki anwani za ndani tu. Walimu walio nyumbani wapitie VPN, yaani njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa shule. Kwenye squid.conf, faili la mipangilio ya Squid, ruhusu mtandao wenu, kisha mstari wa mwisho wa ruhusa uwe http_access deny all. Bila hivyo, nenosiri moja likivuja, mtu usiyemjua atafanya uhalifu kwa anwani ya shule.

Mianya yenyewe ni ya kweli. Oktoba 2023 mtafiti wa usalama Joshua Rogers alitangaza kasoro 55 alizozikuta kwenye Squid, nyingi zikiwa wakati huo bado hazijarekebishwa. CVE-2023-46847 (CVE ni namba ya utambulisho wa mwanya) inagusa uthibitishaji wa Digest, mojawapo ya njia za kuhakiki nenosiri. Kama mnautumia na hamjasasisha, uzimeni. CVE-2025-62168 inaweza kuvujisha nenosiri kupitia kurasa za makosa: weka email_err_data off kwenye squid.conf.

Debian hutia viraka bila kupandisha toleo, kwa hiyo usihukumu kwa 5.7 pekee. Sasisha kwa apt (amri ya Debian ya kusakinisha programu), kisha soma orodha ya mabadiliko ya kifurushi.

Halafu pitia access.log, kumbukumbu ya Squid ya nani alipita. Ukikuta anwani ngeni zimepita kwa jina la mwalimu, usifute chochote: itenge seva, nakili logi, badilisheni manenosiri yote na mwite mtaalamu wa usalama.