Nimnunulie baba mkongojo wa mpingo?

SWALI: Shikamoo fundi. Baba goti la kulia linamsumbua na daktari kamwambia atembee na mkongojo. Nimeona mmoja umechongwa kwa mkono, fito ya mpingo, kishikio cha mbao ya rozwudi, mzuri kweli ila bei imesimama. Utamfaa au ntakuwa nimenunua pambo? Na ntajuaje kama ni mpingo kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza na kipimo, mti baadae. Baba avae viatu vyake vya kila siku, asimame wima mikono ikining'inia, we pima kutoka kwenye kikunjo cha kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, mpaka sakafuni, hapo ndo kishikio kiishie. Ukiwa mrefu bega linapanda, ukiwa mfupi anainama. Na kwa kuwa goti bovu ni la kulia, aushike mkono wa kushoto, wengi wanakosea hapa.

Haya, mpingo. Ni mzito mno, kipande kikavu ukikitia kwenye maji kinazama, ndo mti huohuo wanaotengenezea klarineti, ile ala ya muziki ya kupuliza. Sasa mzee aunyanyue huo uzito kila hatua kutwa nzima? Mi ningeuweka mpingo kwenye kishikio, pale kiganja kinaposugua kila siku, fito iwe ya mti mwepesi zaidi. Halafu mpingo haukui umenyooka, una mapindi na nyufa, kupata kipande kirefu kizima ni shida, hivyo angalia fito isije ikawa imeungwa katikati. Fuata nyuzi za mti kwa kidole toka juu mpaka chini, zikikatiza kwenda pembeni ujue hapo ndo patavunjika siku akiuegemea kwa uzito wake wote. Uliza pia kishikio kimeungwaje, iwepo bolti ya chuma iliyoingia pande zote mbili, gundi peke yake siiamini kabisa maana rozwudi ina mafuta na haishiki gundi vizuri.

Kuujua mpingo, vua ule mpira wa chini ukwangue kidogo na wembe. Uliopakwa rangi ndani utakuta mweupe, mpingo wenyewe ni mweusi au kahawia iliyoiva mpaka ndani. Ukiona mstari wa rangi ya krimu ubavuni usiogope, hiyo ni sehemu ya nje ya mti, mi naipenda hata.

Kuhusu rozwudi, hilo jina wanapewa miti mingi, muuzaji akuandikie ni upi. Ile ya Brazili imezuiwa biashara ya kimataifa tangu 1992 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na mwaka 2017 aina nyingine zote za Dalbergia, yaani ukoo wa miti wenye mpingo na rozwudi halisi, zikawekwa chini ya udhibiti, kwa hiyo kama mkongojo unatoka nje ya nchi ulizia vibali kabla hujalipa.

Siku ya kuuchukua nenda na baba mwenyewe, atembee nao pale dukani aende arudi, na kama hawataki kuikata fito kwa kipimo chake, uache hukohuko.