Maswali na majibu: Choo kwanza, king'ora baadaye

Barua za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa uuguzi, utabibu na famasia wanaosoma afya ya mazingira na ulinzi wa raia. Nimezifupisha. Salamu nimezipokea zote.

Swali: Mwalimu shikamoo. Naomba notsi za mada nzima, mtihani ni Jumatatu.

Marahaba. Sina notsi za mada nzima, na wewe huna tena muda wa kuzisoma.

Swali: Janga na maafa si kitu kimoja? Mbona watu wanayachanganya?

Swali hili hunifikia kila muhula, na kila muhula najibu vilevile. Janga ni tishio lenyewe: tetemeko, mafuriko, tangi la gesi linalovuja. Maafa ni pale tishio hilo linapowakuta watu walio katika hali mbaya, nyumba dhaifu, hospitali mbali. Mwaka 2010 ulitupa mfano wa wazi. Januari tetemeko la kipimo cha 7.0 liliipiga Haiti. Mwezi uliofuata Chile ikapigwa na la 8.8, ambalo nishati yake ni takribani mara 500 ya lile la kwanza. Chile walikufa watu mia tano na ushei. Haiti, hata makadirio ya chini kabisa yanahesabu makumi ya maelfu. Tofauti, kwa sehemu kubwa, ilikuwa kwenye kuta na nguzo.

Na hapa nakuongezea usichouliza. Oktoba ya mwaka huohuo kipindupindu kikalipuka Haiti, nchi ambayo haikuwa na kumbukumbu ya ugonjwa huo kwa zaidi ya miaka mia. Chanzo kilikuwa majitaka ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, yaliyoingia kwenye kijito kinachomwaga maji mto Artibonite. Wakafa watu karibu 10,000. Umoja wa Mataifa wenyewe ulikiri kuhusika mwaka 2016. Magari, redio na helikopta vilikuwepo. Choo ndicho hakikuwa na mwenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi anaponiandikia kwamba sura ya vyoo "inachosha", namwelewa, ila simsamehe.

Swali: Baada ya mafuriko, si bora tuzike maiti haraka kabla hazijaleta mlipuko?

Hapana. Aliyeangukiwa na ukuta jioni ana vijidudu vilevile alivyoamka navyo asubuhi, na wengi hawakuwa na lolote la kutisha. Waliokufa kwa kipindupindu au Ebola, hao wana utaratibu wao. Wengine wapigwe picha, wapewe namba, mahali walipozikwa paandikwe, maana ndugu watakuja kuuliza. Mbebaji avae glovu na anawe. Wa kuhofiwa zaidi ni walio hai wanaojisaidia kando ya kisima.

Swali: Tunaweka klorini kiasi gani kwenye ndoo?

Klorini ipi? Ndoo ya nini? Mnauliza hivi kila wiki bila kunitajia dawa yenu ina klorini asilimia ngapi, kisha mnakasirika nikikaa kimya. Soma kibandiko. Gawanya nguvu iliyopo kwa nguvu unayoitaka, toa moja. Hizo ndizo sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya dawa. Una dawa ya 5%, unataka 0.5% ya kusafishia damu iliyomwagika: 5 gawanya kwa 0.5 ni 10, toa 1, maji sehemu 9. Kwa 0.05%, maji sehemu 99.

Maji ya kunywa yana hesabu yake. Hapo hatuangalii tu ulichotia, tunapima kilichobaki: baada ya dakika 30, klorini huru iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Na maji ya tope huimaliza klorini kabla haijamgusa kijidudu, kwa hiyo yaache yatuame, uyachuje, ndipo utie dawa.

Niliwahi kuingia wodi moja nikakuta ndoo ya maji ya kunywa, imeandikwa ubavuni "YAMETIWA DAWA". Kifuniko kimeegemezwa ukutani, jua la dirishani linaingia moja kwa moja, na mgonjwa wa kitanda cha karibu anachota kwa kikombe kisicho na mkono, vidole vimezama ndani. Nikatia maji kidogo kwenye kichupa, nikadondosha kidonge cha kupimia, nikatikisa. Maji yenye klorini hugeuka rangi ya waridi. Yale hayakubadilika hata chembe. Nikauliza dawa ilitiwa lini. Dada wa zamu akamtazama mwenzake, mwenzake akasema, "Ijumaa." Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Maandishi yalikuwa bado yanang'aa; dawa ilikwisha zamani.

Halafu, tafadhali sana, msichanganye klorini na dawa ya choo yenye asidi mkidhani usafi utazidi. Mtazalisha gesi ya klorini na kuwa majeruhi wa kwanza.

Swali: Majeruhi ni 20 na mimi niko peke yangu. Nianze na anayelia zaidi?

Anayelia anapumua. Paza sauti: anayeweza kutembea asogee kando, hao ni kijani, rangi ya wanaoweza kungoja. Kisha nenda kwa walionyamaza. Asiyepumua hata baada ya kumfungulia njia ya hewa ni mweusi, yaani anahesabiwa amekufa, na unasonga mbele hata moyo ukikataa. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au ukiminya ukucha damu hairudi ndani ya sekunde 2, au hawezi kutii amri rahisi kama "nishike mkono", ni mwekundu, wa kutibiwa kwanza. Waliobaki ni njano, wanafuata baada ya wekundu. Ukipiga magoti kwa mmoja kwa nusu saa, umewaacha 19.

Swali: Mtu amemwagikiwa dawa ya wadudu, nguo zimelowa. Si nimwingize mapokezi upesi?

Mvue nguo nje. Tokyo, tarehe 20 Machi 1995, gesi ya sumu iitwayo sarini ilipotolewa kwenye treni za chini ya ardhi, hospitali moja ilipokea wagonjwa zaidi ya 600 siku hiyo. Waliingia na nguo zao, na wahudumu waliowapokea wakaanza wenyewe kuumwa macho na kichwa kwa mvuke uliotoka kwenye nguo hizo. Sarini na dawa nyingi za wadudu ni ukoo mmoja. Kuvua tu huondoa sehemu kubwa ya sumu, kisha sabuni na maji mengi. Nguo zifungwe kwenye mifuko miwili. Kama hapumui vizuri, msaidie palepale nje, wewe ukiwa na aproni na glovu za nitrili.

Swali: Inaruhusiwa kurudishia kifuniko cha sindano?

Hapana. Na sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano zilizotumika, ikijaa robo tatu, ifungeni.

Swali: Kwa nini tusome taka za hospitali? Sisi si mabwana afya.

Goiânia, Brazili, 1987. Kliniki ilihama ikaiacha mashine ya tiba ya mionzi kwenye jengo tupu. Vijana wawili wakaibomoa, wakauza chuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa mionzi wa sizi-137 (caesium) uliokuwa ukitoa mwanga wa buluu gizani, na mnunuzi akawagawia ndugu na marafiki kama kitu cha thamani. Mtoto wa miaka 6 alijipaka. Aliyekishuku kitu kile ni mke wa mnunuzi, aliyekitia kwenye mfuko na kukipeleka kwa watu wa afya kwa basi. Yeye na mtoto ni miongoni mwa 4 waliokufa. Watu 249 walikutwa na uchafuzi, na zaidi ya 112,000 walipimwa. Waliohama kliniki ile walikuwa wataalamu wa tiba, si mabwana afya.

Swali: Begi langu la dharura liwe na nini?

Tochi, betri, filimbi, glovu, kalamu ya wino usiofutika, na kamba ya mita 30. Kamba ni ya kupimia umbali wa choo kutoka kisimani. Watakucheka siku mbili za mwanzo. Siku ya tatu watakuja kuiazima.