Muulize Bibi Fundi: Gauni jeupe au sanda?

SWALI: Shikamoo Bibi Fundi. Binti yangu anaolewa mwezi wa kumi na moja hapa Newala, pesa ya korosho ikishaingia. Anataka gauni jeupe la kuburuza chini. Mama mkwe wangu amegoma. Anasema mtu havalishwi bafta akiwa hai, nyeupe ni sanda, na hayo mengine ni ya Wazungu. Nimsikilize nani?
Mama wa Biharusi, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama mkwe wako usimcheke, maana hata Ulaya kulikuwa na wenye hofu kama yake. Mary, malkia wa Scotland, aliolewa Paris mwaka 1558 kavaa nyeupe, na katika ukoo wa kifalme wa Ufaransa nyeupe ilikuwa nguo ya msiba. Maharusi wengine walivaa nguo yao nzuri ya rangi yoyote, wakaendelea kuivaa baada ya harusi. Aliyeieneza nyeupe ni Victoria wa Uingereza, tarehe 10 Februari 1840, kwa satini na lesi ya Honiton. Matajiri wakaiga. Habari za ubikira zilikuja kutiwa mkazo baadaye. Kwanza ilikuwa kuonyesha kwamba nyumbani kuna wa kukufulia.

Hilo pwani yetu inalijua vizuri kuliko Victoria. Hapa Mikindani ninaposhonea, watumwa walipitishwa kwenda majahazini. Mtumwa alivaa kaniki, au kipande cha merikani, kile kitambaa cha pamba cha bei rahisi, kiunoni. Kanzu nyeupe na kofia vilikuwa vya mwungwana, asiyebeba mzigo wala kushika jembe. Ndiyo maana mpaka leo mzee akitoka Ijumaa na kanzu iliyotiwa buluu, anatembea kwa madaha hata kama mfukoni hana kitu.

Sasa sanda. Nikiitwa kwenye msiba wa mwanamke huwa nakata vile vipande vitano (mkasi wa kazi hiyo nimeutenga, ni wasiwasi wangu tu). Bafta tunaichana, tunamviringishia maiti na kumfunga. Haina pindo, haina zipu, haina shanga. Ihramu ya mwanamume huko Makka nayo ni shuka mbili zisizoshonwa, na anayeivaa yuko hai. Mwambie mama mkwe hivyo, kwa adabu, umepiga goti. Gauni la binti lina mikono na kiuno. Hakuna sanda inayoshonwa hivyo.

Ninachokiogopa mimi ni mwezi wenyewe. Novemba, Newala, vumbi jekundu na mabibo kila uani! Doa la bibo halisikii sabuni, limao wala jiki. Likate gauni liishie kifundoni, na watoto wanawe mikono kabla ya kumkumbatia. Mtandio achague mama mkwe, rangi aitakayo yeye, hata zambarau. Vipimo nileteeni kabla ya Septemba kwisha, maana msimu ukianza cherehani yangu hailali.