Jibu: Kuunganisha majedwali yenye majina tofauti ya zao moja

Ndugu, umeuliza utaunganishaje majedwali matatu yanayoandika "mahindi", "muhindi" na "Zea mays". Usibadilishe majina kwa mkono, utachoka bure. Tumia AGROVOC, msamiati wa kilimo wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) ulioanza miaka ya 1980. Humo kila dhana ina anwani yake ya kudumu kwenye wavuti, na majina ya lugha nyingi yamefungwa hapo. Anwani ya zao la mahindi inaishia na c_12332. Ongeza kwenye kila jedwali safu wima ya anwani ya dhana inayotajwa humo, kisha unganisha kwa safu hiyo.

Ila kuwa makini sana na "Zea mays": hiyo ni spishi, nayo ina anwani yake tofauti na ya zao. Niliwahi kuzichanganya, takwimu za mimea shambani zikaingia kwenye za punje ghalani, nikarudia kazi yote.