Betula za hapa hazijachanua, mzio unatoka wapi?

Ndugu uliyeuliza inakuwaje macho yanakuwasha na unapiga chafya usiku kucha huko Turku, Ufini, ilhali miti ya betula (mti wa nchi za baridi, kwa Kiingereza birch) iliyo uani kwako haijachanua hata mmoja, naomba nikujibu kwa yale yaliyonipata katika mji huohuo.

Mwaka wangu wa nne hapa Ufini, mwishoni mwa Aprili, niliamka saa tisa usiku nikitokwa na makamasi mepesi kama maji, huku kaakaa likiniwasha kiasi cha kulikwaruza kwa ulimi. Zahanati niliyokwenda iliniambia ni mafua, nami nikaamini, kwa sababu theluji ilikuwa bado imebaki kivulini na vishada vya maua ya betula vilikuwa vigumu, vya kahawia, vimefumba kabisa. Lakini mafua hayo hayakuwa na homa, yalitulia siku ya mvua, na yalirudi kila upepo wa kusini ulipovuma. Nilipopimwa mzio baadaye, ngozi ilivimba palepale walipoweka tone la betula.

Kilichoniwasha kilikuwa chavua, yaani unga wa maua ya betula, na haikuwa ya uani kwetu. Joto la majira ya kuchipua huanza kusini, kwa hiyo betula za Poland, Belarus na nchi za Baltiki kwa kawaida huchanua kabla ya hizi zetu. Chembe moja ya chavua hiyo ina upana wa takriban maikromita 22 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na katika hewa tulivu hushuka sentimita moja hivi tu kwa sekunde. Mchana wa jua hewa yenye joto huipandisha kilomita moja au zaidi, na ikishikwa na upepo wa mita 10 kwa sekunde huweza kwenda zaidi ya kilomita 800 kwa siku moja. Jambo hili limejulikana zamani. Mwaka 1918 mtafiti Mswidi Henrik Hesselman aliinasa chavua ya miti kwenye meli za taa (meli zilizofanya kazi ya mnara wa taa) zilizotia nanga katika Ghuba ya Bothnia, kati ya Uswidi na Ufini, kilomita 30 na 55 kutoka nchi kavu, na mwaka 1937 Mswidi mwenzake, Gunnar Erdtman, aliinasa akiwa safarini kuvuka Atlantiki kwenda New York.

Hapo ndipo usiku wako unapoeleweka. Betula ya jirani humwaga chavua mchana, jua likiwa kali na hewa kavu, lakini ile ya mbali hufika saa yoyote, hata usiku wa manane. Kwangu kuwashwa usiku ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote kwamba chavua imetoka mbali. Na usishangae kwamba miaka ya mwanzo ulikuwa mzima, kwa maana mwili huweza kuchukua misimu kadhaa ya kuvuta chavua ngeni kabla haujaanza kuipiga vita.

Kwa hiyo usingoje mti wa uani ukupe ishara. Fuatilia taarifa za chavua za Chuo Kikuu cha Turku, pamoja na utabiri wa Taasisi ya Hali ya Hewa ya Ufini, ambao kwa modeli ya kompyuta iitwayo SILAM hukokotoa chavua inayokuja kutoka nje ya nchi. Mimi huanza dawa ya kupulizia puani mapema, kwa ushauri wa daktari, kwa sababu huchukua siku kadhaa kufikia nguvu yake. Pua iliyokwisha kuchokozwa na chavua ya kutoka mbali huhitaji kidogo sana kuwaka pindi betula za hapa zinapofunguka. Mashuka siyaaniki tena barazani mwezi huo, maana nilipofanya hivyo niliamka kope zimevimba hata kufungua macho ni kazi.

Ukiona tofaa bichi linakuwasha midomo, ni mzio uleule, kwa kuwa protini zake zinafanana na za betula. Likipikwa, kwa kawaida halisumbui. Lakini kifua kikianza kubana au kutoa mluzi unapopumua, nenda kwa daktari siku hiyohiyo, kwani huenda ni pumu, na dawa ya pua peke yake haiitibu.